Laptopu, GPS na barabara ya Mbeya: nilichojaribu na nilichobaki nacho

Karibu kila mwezi natoka Dar kwenda Mbeya na mikoa ya jirani kupeleka pampu za maji. Ni kilomita zipatazo 830, na barabara kuu yenyewe haihitaji ramani: Chalinze, Morogoro, Mikumi, unapanda Kitonga, Iringa, Makambako, unanyoosha. Kazi huanza tukiiacha lami. Mteja anakuelekeza kwa simu, "ukivuka mfereji wa pili shika kushoto", na mifereji ya mashamba ya mpunga huko haihesabiki.

Simu tumeitumia miaka mingi, ila kioo chake ni kidogo. Mdogo wangu, ambaye ndiye msoma ramani, anataka kukiona kijiji kizima na njia zake zote kwa mara moja. Laptopu tunayo ndani ya gari kwa ajili ya hesabu na stakabadhi, tukaona tuitumie na kwa kazi hii ya ramani.

Ujue kwanza kwamba laptopu nyingi hazina ndani kipokezi cha GPS, yaani kifaa kinachosikiliza setilaiti ili kujua ulipo. Ramani ya kwenye kivinjari hukisia ulipo kupitia mtandao, na ukitoka mjini makisio hayo hayana maana. Nilinunua kipokezi cha USB, GlobalSat BU-353, kidude cha mviringo chenye sumaku chini. Unakibandika juu ya bati la gari na waya unaupitisha dirishani. Kina kitaa kidogo: kikiwaka tu bila kupepesa, bado kinatafuta, kikianza kupepesa, kimeshajua kilipo. Setilaiti ziko juu kilomita 20,200 hivi na kipokezi kinahitaji kuzisikia nne, kwa hiyo usikifiche chini ya kiti. Bando hakili hata kidogo.

Programu ya kwanza nilinunua, na jina lake nitaliacha. Ilikuwa na michoro ya kupendeza na sauti safi. Lakini Tanzania yake ilikuwa barabara kuu na majina ya miji, basi. Tulipochepuka kuelekea Rujewa, alama ya gari ikawa inatembea juu ya eneo jeupe tupu. Hela haikurudi, na iliniuma. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza ni ramani: ina nini cha huku kwetu? Uzuri wa programu nauangalia baadaye.

Ramani niliyoishia nayo ni ya OpenStreetMap, inayochorwa na watu wa kujitolea. Kwa Dar iko vizuri sana, na sababu yake naijua: mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015, ambapo wanafunzi wa vyuo na wakazi walipita kwa miguu kwenye kata zinazokumbwa na mafuriko. Fungua Tandale uone vichochoro na mifereji ilivyowekwa. Vijijini inategemea nani amewahi kuchora. Pengine kila njia imo, pengine kuna jina la kijiji peke yake. Faili la Tanzania nzima linapatikana bure kwenye tovuti ya Geofabrik.

Nyumbani natumia programu ya QMapShack kupima umbali na kupanga vituo. Barabarani tunatumia programu nyingine, Navit, ambayo inasoma kipokezi moja kwa moja na kupanga njia bila intaneti. Zote mbili ni za bure. Navit inataka uvumilivu, kwa kuwa mipangilio yake imo kwenye faili la maandishi liitwalo navit.xml. Humo ndimo nilimoshusha kasi za barabara, maana muda wa kufika iliokuwa ikitupa haukujua vibao vya 50 wala matuta ya kila kijiji. Sasa inakaribia ukweli. Sauti tumeizima, mdogo wangu anatosha.

Kwenye umeme usibane hela. Inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa gari uwe kama wa nyumbani) ya bei rahisi iliniunguzia fyuzi kabla hata ya Chalinze, na betri ya laptopu haikufika Morogoro. Chaja yangu ni ya wati 65, nikanunua inveta ya wati 150 na haijanisumbua tena.

Laptopu inakaa mapajani mwa abiria na dereva haiangalii, hili kwangu halina mjadala. Nikiwa peke yangu haifunguliwi kabisa. Naweka simu, au nasimama kuuliza.

Safari iliyopita, njia ya kwenda kwa mteja mmoja wa Mbarali haikuwemo. Tuliipita kwa maelekezo ya kijana wa bodaboda huku Navit ikirekodi, na Jumapili tuliporudi Dar mdogo wangu akaichora OpenStreetMap, pamoja na daraja la magogo tulilolivuka. Mwezi huu amepakua faili upya. Njia imo, na daraja limo.