Mahekalu ya Kisutu: msiende saa sita mchana

Nianze na hela, maana ndiyo mtakayouliza kwanza. Tulikuwa wanne, kila mmoja akatoa elfu ishirini na tano, tukampa kijana aliyejitangaza kwamba anatembeza watu kwenye mahekalu ya Wahindu ya Kisutu, katikati ya jiji la Dar es Salaam. Saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana, maji na kitafunwa juu yake. Maji alileta. Jina lake silitaji, naye anatafuta riziki kama mimi.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda Tandika. Lesi, zari na bitana nazifuata mjini kwa Wahindi mwaka wa kumi na tatu huu. Mtaa wa Kisutu nimeupita na mafurushi kichwani sijui mara ngapi, udi unanipiga puani, kengele inalia ndani, nami nakaza mwendo niwahi gari. Safari hii nikasema naingia.

Tulishuka mwendokasi kituo cha Kisutu saa tatu kasoro dakika kumi. Mwongozaji alitokea saa nne na nusu, eti foleni. Mushike hiyo saa nne na nusu, ndiyo iliyotuharibia siku.

Nimpe haki yake kwenye majengo. Alituonyesha ghorofa za zamani zenye roshani, zile ambazo mwaka wa kujengwa na jina la mwenyewe vimechongwa juu kabisa. Miaka yote nimepita chini yake bila kuinua shingo. Ila tulipofika Jamatkhana, nyumba ya ibada ya Waismailia, akanyoosha kidole, akasema na hili pia ni hekalu la Wahindu. Mama Junior, mmoja wetu, akamkatisha, "Mdogo wangu, hao ni Waislamu, watu wa Aga Khan hao." Kijana akacheka, akasema Wahindi ni Wahindi tu. Si kweli bwana. Mhindi ni asili, Mhindu ni dini. Mitaa ile ile ina Ismailia, Bohora na Ithnaasheri ambao ni Waislamu, Mgoa anayekwenda misa ya Kikatoliki, na Kalasinga na kilemba chake. Mimi fundi wa Tandika najua kwa sababu nawakopa vitambaa. Anayelipwa laki moja asubuhi moja asijue?

Hekalu la kwanza viatu vinabaki mlangoni. Shoga yangu wa Mbagala alikuja na raba za kamba mpaka kifundoni, akawa anahangaika kufungua huku anatuchekesha na ile methali ya bibi zetu, Baniani mbaya kiatu chake dawa, leo sisi ndio tunamwachia Baniani vya kwetu. Nikamkanyaga. Mzee wa Kihindi aliyekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni alikuwa amesikia kila neno. "Acheni tu hapo, nitavitazama," akasema, Kiswahili cha Dar kimenyooka. "Lakini kwa harufu hiyo, dawa sidhani." Tulicheka mpaka aibu ikatutoka. Shikamoo mzee, marahaba wanangu, na kuanzia hapo mwongozaji wetu akawa mtalii wa tano.

Mzee alitwambia tupige kengele kabla ya kusogea mbele. Akatuanzisha kwa sanamu ya mungu Ganesha, mwenye kichwa cha tembo na panya miguuni, kwa sababu ndiye anayeondoa vikwazo na shughuli yoyote huanzia kwake. Akatuonyesha ng'ombe dume aliyelala akimwelekea mungu Shiva, anaitwa Nandi. Unazunguka ukimweka mungu mkono wako wa kulia. Haya yote aliyasema taratibu, bila kututaka tuamini chochote.

Halafu nikaona sanamu za mungu Krishna na mpenzi wake Radha, na hapo wenzangu walinisubiri. Satini ya rangi ya embe bivu, pindo la zari upana wa vidole vitatu, marinda ya sketi ya Radha yamelala kama yamepigwa pasi mwilini. Mimi hutafuta mshono kabla ya uzuri. Nikainama huku, nikainama kule, sikuuona. Krishna kashika filimbi, mikono imekunjwa, na jiwe halinyooshi kiwiko umpitishe mkono wa nguo. Nikamwambia mzee, hii lazima ifunguke nyuma, ifungwe kwa kamba. Akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye akili. Akasema nguo hizo hushonwa na akina mama wa jumuiya yao na hubadilishwa, hazivalishwi zikaachwa. Sanamu huamshwa, huogeshwa, huvalishwa, huwekewa chakula, na mchana pazia linafungwa zipumzike. Kama mgeni wa heshima nyumbani kwako.

Mchana pazia linafungwa! Tulifika hekalu la Swaminarayan saa sita na robo, geti limefungwa. Mlinzi akasema rudini saa kumi. Kijana akatazama simu yake, akasema basi kitafunwa tutasamehe kwa sababu ya muda, akatuaga. Kumbe kama angekuja saa tatu tungemaliza yote.

Sisi hatukuondoka. Tulizunguka soko la Kisutu, tukanywa juisi ya miwa, tukala kachori za viazi zilizokolea ndimu na bhajia kwa chatne ya nazi. Mama Junior, mla nyama, aliisoma menyu mara mbili akitafuta kuku, asimwone. Kachori alikula sita.

Saa kumi tukaingia. Wanawake upande wao, wanaume wao, kimya, sakafu inang'aa mpaka unaona pindo la gauni lako. Mama mmoja alitueleza kwamba Swaminarayan alizaliwa India mwaka 1781 na kufariki 1830, na yule mzee wa picha mwenye joho la rangi ya chungwa ni Pramukh Swami, kiongozi wao aliyefariki 2016. Wafuasi wake hawagusi nyama, hata kitunguu na kitunguu saumu. Picha hatukupiga, tuliuliza tukaambiwa hapana. Jua lilipozama wakawasha taa za aarti, ibada ya kumzungushia mungu moto, ngoma na kengele kwa pamoja, na mimi ambaye ni Muislamu nilisimama nyuma nikitazama tu jinsi moto unavyochezea zile zari. Baadaye wakagawa prasadi, chakula kilichotangulizwa kwa mungu. Mama Junior ni mlokole. Akajibu kwa adabu, "Asante mama, nimefunga." Na zile kachori sita je?

Kwa mwongozaji natoa nyota mbili, moja ya maji na moja ya roshani. Kisutu natoa tano, na kuingia hatukudaiwa hata senti. Nendeni wenyewe saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi, mabega na magoti yafunikwe, mkiwa na chenji ya kutia kwenye sanduku la sadaka. Mimi narudi wakati wa Diwali, sikukuu yao ya taa, nguo mpya zitakapovalishwa. Shoga wa Mbagala nimeshamwambia aje na kandambili.