Gari la spoti: jipya, la kuagiza Japani au la mkononi?

Nianze na jibu. Kwa mtu wa Dar ambaye fedha yake ina mipaka, gari la spoti la kununua ni lililotumika Japani, lenye umri wa miaka mitano hadi saba, lisilo na turbo (kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi), na ambalo hakuna aliyelichokonoa ili kuliongezea nguvu. Jipya kabisa nimeliweka nafasi ya tatu, na magari makongwe yenye majina makubwa nimeyaweka mwisho. Sababu kubwa ya mpangilio huu ni ushuru, kwa hiyo tuanzie bandarini.

Pengo la bei hukua likifika Dar

Wengi hulinganisha bei wanazoziona mtandaoni, ya gari jipya kwa ya lililotumika, wakaishia hapo. Hizo ni bei za Japani. Bei yako wewe inapatikana baada ya TRA, na kodi zetu hupandiana. Kwanza ushuru wa forodha, 25% ya thamani ya gari pamoja na bima na usafiri. Kisha ushuru wa bidhaa juu ya jumla hiyo: injini isiyozidi cc 1,000 hailipi, kutoka hapo mpaka cc 2,000 ni 5%, na zaidi ya cc 2,000 ni 10%. Mwisho VAT, 18% juu ya vyote.

Tuchukue Toyota GR86 mpya, injini cc 2,387, na tuseme mpaka inashushwa bandarini imekugharimu dola 30,000. Kodi hizo tatu zinaifikisha dola 48,675. Sasa chukua Toyota 86 ya kizazi cha kwanza, cc 1,998, umri miaka saba, tuseme imefika kwa dola 12,000. Hiyo inasimama kwenye dola 18,585. Kabla ya kodi pengo lilikuwa dola 18,000. Baada ya kodi limepita dola 30,000. Na hapo sijagusa tozo ndogondogo, malipo ya wakala wa forodha wala usajili.

Kodi hiyo ukishalipa hairudi. Gari jipya huporomoka bei zaidi katika miaka yake ya mwanzo, na hapa kwetu huporomoka kutoka kwenye bei iliyokwisha kubebeshwa kodi yote. Anayekuja kulinunua baada ya miaka mitatu atauliza lingine kama hilo linaagizwa kwa kiasi gani Japani likiwa na umri huo. Ulichomlipa TRA wewe hakimhusu.

Lakini usikimbilie gari la zamani kwa kudhani ndilo nafuu. Gari la abiria lenye umri wa miaka minane hadi kumi huongezewa ushuru wa uchakavu wa 15%, na likizidi miaka kumi ni 30%. Rudi kwenye ile 86. Ukipata ya miaka kumi na moja kwa dola 9,000 badala ya 12,000, ukiongeza kodi inafika takriban dola 17,900. Uliokoa dola 3,000 Japani, Dar zimebaki kama 660, na umejichukulia gari lenye miaka minne zaidi ya joto, kutu na klachi za watu wengine. Ndiyo maana naing'ang'ania miaka mitano hadi saba: bei ya Japani imeshashuka vya kutosha na uchakavu haujakufikia. Angalia mwaka wa kutengenezwa, na uhesabu mpaka mwaka ambao gari litafika hapa. Lililotimiza saba mwezi Novemba linaweza kushuka bandarini likiwa na nane.

Jambo lingine ambalo huwakamata wanunuzi wa mara ya kwanza: TRA ina thamani zake kwenye kikokotoo cha magari yaliyotumika. Ukiliokota gari mnadani kwa bei ya kutupa, usitegemee kodi nayo itupwe. Fungua kikokotoo, ingiza modeli, mwaka na cc, uone jumla kabla hujatuma hata senti.

Wasomaji wa Kenya wana hesabu yao. Gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza haliingii kabisa, na KRA huanzia kwenye bei ya gari likiwa jipya, kisha hupunguza kulingana na umri. Injini ya petroli inayozidi cc 3,000 hutozwa ushuru wa bidhaa wa 35%, na hapo ndipo Nissan Fairlady Z ya cc 3,696 inapowakatisha watu tamaa.

1. La kuagiza, miaka mitano hadi saba, bila turbo

Chaguo langu la kwanza ni Toyota 86 au pacha wake Subaru BRZ. Zote mbili zimetoka kwenye kiwanda cha Subaru huko Gunma, na injini yake ya silinda nne zilizolala ni ya ukoo mmoja na zile za Forester zinazojaa barabarani kwetu. Maana yake ni kwamba fundi wa Subaru aliye mtaani kwako si mgeni na mpangilio huo. Ina nguvu ya farasi zaidi kidogo ya 200, hainywi mafuta kama mlevi, na ukubwa wa injini unaibakiza kwenye 5%. Tatizo lake ni kimo: tumbo lake liko sentimita 13 tu juu ya lami. Matuta ya mitaani utayapita kwa mshazari, na barabara za vumbi utazichagua.

Mazda Roadster ya kuanzia 2015 ni ya pili kwenye kundi hili, na moyo wangu ungeiweka ya kwanza. Ile ya turubai ya soko la Japani ina injini ya cc 1,496, na toleo lake jepesi lina uzito wa kilo 990. Gari jepesi halichoshi breki, halili tairi, na linafurahisha hata kwa mwendo ambao trafiki hatakusimamisha. Lina viti viwili tu, hivyo familia lazima iwe na gari lingine. Kagua mishono ya turubai, kwa sababu jua la pwani halitaihurumia.

Honda S660 ya cc 658 inavutia kwa kuwa injini yake hailipi ushuru wa bidhaa kabisa. Ina turbo ndogo, kwa hiyo inavunja kanuni yangu, lakini kinachonizuia zaidi ni vipuri: uzalishaji ulikoma 2022 na hapa hazipo za kutosha hata fundi azizoee.

Sasa karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari kwenye mnada wa Japani, maana ndiyo inayoamua kama umenunua gari au umenunua matatizo. Dai nakala ya karatasi halisi, si muhtasari alioandika muuzaji. Juu pembeni kuna daraja: 4.5 na 4 ni magari mazuri, 3.5 linahitaji macho, na R au RA ni gari lililogongwa likatengenezwa. Herufi nyingine, A hadi D, inaeleza hali ya ndani. Kisha kuna mchoro wa gari ukiwa na alama ndogo: A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni mahali palipopigwa puti au kunyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa, S na C ni kutu. Namba inayofuata inaonyesha ukubwa, na 1 ni kidogo. A1 na U1 zilizotawanyika zisikunyime usingizi. Lakini ukiona XX kwenye boneti na XX kwenye bawa la mbele, huenda gari hilo liligonga kitu, hata kama daraja linasema 4. Ukiona W3 kwenye ubavu wa nyuma wa gari la spoti, huenda kuna mtu aliteleza nalo kwenye kona.

Chini kuna maelezo ya mkaguzi kwa Kijapani. Yatafsiriwe yote, neno kwa neno. Humo ndimo huandikwa ekzosi iliyobadilishwa, springi zilizoshushwa na kompyuta iliyochezewa. Gari la spoti lenye kila kitu cha kiwandani, kilomita 70,000 na daraja 4, mimi nalichukua mbele ya lenye kilomita 35,000 na vikorombwezo vya kila aina.

2. La mkononi, lililopo hapa hapa

Faida yake ni kubwa: ushuru umeshalipwa na mwingine, na gari unaliona, unaligusa, unaliendesha. Anayeuza kwa haraka ya ada au ujenzi anaweza kukuachia chini sana ya gharama ya kuagiza. Limekosa nafasi ya kwanza kwa sababu ya historia. Magari haya hapa hupita mikono mingi, na kila mkono huongeza lake.

Mtaani gari hupangiwa bei kwa herufi ya namba, na namba E huuzwa ghali kuliko namba D. Herufi inakuambia lini lilisajiliwa Tanzania. Lini lilitengenezwa, soma kwenye kadi.

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, na ukifika weka kiganja kwenye boneti. Likiwa la moto, rudi siku nyingine, kwa sababu injini iliyochoka hujieleza ikiwa baridi: mlio wa kugonga sekunde za mwanzo, moshi wa bluu nyuma. Kwenye barabara tulivu ingiza gia ya nne ukiwa na mwendo mdogo, kanyaga mafuta yote. Mshale wa mizunguko ukipanda na gari lisiongeze mwendo, klachi imekwisha. Linyanyue utazame sampo (bakuli la oili chini ya injini) kama limekuna matuta, na upande wa ndani wa tairi kama umelika. Linganisha chasisi na kadi, kisha ingiza namba kwenye mfumo wa faini za barabarani. Kwa 86 na BRZ za 2012 na 2013, uliza kuhusu springi za vali: Subaru ilitoa wito wa kuzirekebisha mwaka 2018. Lililokwisha kuondoka Japani kabla ya hapo huenda halikufanyiwa.

3. Jipya kabisa

Linunue kama utakaa nalo miaka kumi, unataka udhamini, na pengo lile la dola 30,000 halikuumizi. Hizo ni sababu halali. Ila pata udhamini kwa maandishi kutoka kwa wakala aliyepo hapa nchini, maana gari jipya ulilojiagizia mwenyewe Japani linaweza lisitambuliwe na mtu yeyote hapa. Weka na bima kubwa kwenye bajeti; hukokotolewa kwa thamani ya gari, nayo ni ya kila mwaka.

4. La turbo lenye umri

Subaru WRX STI na Honda Civic Type R ni magari ninayoyaheshimu sana. Nyingi za soko la Japani ziko chini ya cc 2,000, hivyo ushuru ni rafiki. Lakini zimetengenezwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kwa kawaida huuzwa ikiwa na oktani 100 (kipimo cha petroli kuhimili mgandamizo bila kugonga), na ya pampu zetu haifiki hapo. Injini yenye turbo ikipewa petroli hafifu, kwenye joto, huku kompyuta yake imechezewa, huanza kugonga ndani, na mwisho wake ni pistoni kupasuka. Kama lazima uchukue STI, chukua ya kiwandani, pima kompresheni ya silinda zote nne, na tenga fedha ya mkanda wa taimingi siku unayolitoa bandarini.

5. Makongwe yenye majina

Skyline GT-R, Supra ya miaka ya 90, na wenzao. Hapa umri haushushi bei. Marekani huruhusu gari lolote lililotimiza miaka 25, na GT-R za mwanzo za kizazi cha R34, za 1999, zilifikia umri huo 2024. Mnunuzi wa Dar sasa anapigania gari hilo hilo na Mmarekani mwenye dola nyingi kuliko yeye, halafu akilishinda anakuja kuongezewa 30% ya uchakavu.