Maganda ya risasi yamefubaa? Nunua kwa mpangilio huu

Kabla hujatoa hela elewa kitu kimoja: ganda la shaba ya njano (brass) kufubaa tu haimaanishi limeharibika. Ule weusi au ukahawia ni utando mwembamba wa oksidi, ganda bado lina nguvu yake. Kinachosumbua ni masizi na vumbi la mchanga, hivyo ndivyo vinakwaruza dai (kile kifaa cha chuma kinachorudisha ganda kwenye saizi yake) unapokuja kulijaza ganda upya litumike tena. Kwa hiyo unanunua usafi, mng'ao ni nyongeza tu, na watu wengi wanalipia mng'ao.

Namba moja kwangu ni unga wa asidi ya sitriki, ule ule wa mapishi. Ni rahisi kuliko vyote na kwa ganda lililofubaa hakuna kinachofanya kazi haraka hivi. Kijiko cha chai kimoja kwenye lita moja ya maji ya moto, tone la sabuni ya vyombo, loweka dakika 10 huku unakoroga koroga, utaona maji yanaanza kuwa ya kijani-bluu na ganda linarudi njano isiyong'aa sana. Toa hapo hapo, suuza kwa maji mengi. Shaba hii ni kopa asilimia 70 na zinki 30, ukiliacha muda mrefu au ukizidisha unga zinki ya juu inaanza kutoka na ganda linageuka la pinki, ndo maana siki siipendekezi kabisa, watu wanaimwaga bila kipimo.

Namba mbili, kama una maganda mengi, ni mashine ya kutetemesha yenye bakuli. Hapo unanunua na cha kuwekea ndani: magunzi ya mahindi yaliyosagwa yanang'arisha, maganda ya jozi yaliyosagwa yana makali zaidi, yanafaa kwa yaliyofubaa sana. Acha masaa mawili mpaka manne. Idadi inayoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni ya maganda madogo ya bastola, ya raifo yataingia machache sana, so chukua saizi moja juu, na lazima iwe na mfuniko maana lile vumbi lina risasi yenyewe, yaani madini ya ledi yanayotoka kwenye praima, kile kiwashio kidogo cha kwenye kitako cha ganda. Fanyia nje, vaa barakoa ukimwaga, osha mikono, na watoto wasisogee, hapo sitanii.

Namba tatu ni pipa la kuzungusha na maji na pini za stenlesi. Matokeo yake ni mazuri kuliko yote, mpaka ndani na kwenye kitundu cha praima panatakata kama ganda jipya. Mbona namba tatu sasa? Kwa sababu kazi ni nyingi, utoe praima kwanza, utenganishe pini kwa sumaku na chujio, uchungulie kila ganda maana pini mbili zinaweza kubana pamoja kwenye tundu la moto (lile linalopitisha cheche ya praima kuingia ndani ya ganda), halafu ukaushe. Kama unapenda kazi safi na una muda, ipandishe hata iwe ya kwanza.

Altrasoniki, mashine inayosafisha kwa mawimbi ya sauti ndani ya maji, naiweka ya nne. Ndani inasafisha vizuri ila nje haing'arishi, na bila kuweka asidi kidogo kwenye maji ule weusi utabaki.

Usinunue dawa yoyote ya kung'arishia yenye amonia, soma lebo. Amonia inapasua shaba iliyo na mkazo ndani yake. Jeshi la Uingereza kule India liliwahi kukuta risasi zilizohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi zinapasuka zenyewe msimu wa mvua, na mwaka 1921 ndo ikaelezwa wazi kwamba ni amonia ya mkojo wa farasi. Nyufa zenyewe huwezi kuziona mapema. Steeluulu nayo achana nayo, inachimba mikwaruzo.

Kukausha usinunue kitu, tandaza kwenye taulo juani. Ukitumia oveni iwe chini ya nyuzi 100, maana joto kali linalainisha kitako cha ganda na kitako lazima kibaki kigumu. Yakishakauka angalia juu kidogo ya kitako, ukiona mstari unaong'aa umezunguka ganda hilo tupa, linakaribia kukatika.