Fulana za ndaki: ipi inafika mahafali, ipi inaishia kwenye kamba ya hosteli

Tangu UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) ianze mwaka 2007 pale Chimwaga, imetanuka kufuata vilima mpaka kila ndaki (kitengo kikubwa cha masomo) imekuwa kama mtaa unaojitegemea. Mtu wa CIVE, ndaki ya kompyuta, anaweza kumaliza muhula hajakanyaga ndaki ya Elimu. Ndiyo maana fulana ya ndaki ina uzito. Siku ya mechi, kundi la rangi moja likishuka kwenye daladala kila mtu anajua nani wamefika, na yule wa mwaka wa kwanza ambaye hajazoeana na mtu tayari ana wenzake. Inauma kuona fulana waliyochangia watu 60 inabanduka herufi kabla hata ya UE, mitihani ya mwisho wa muhula. Hapa tunapitia aina zinazotolewa na mafundi wa kuprinti, kwa kigezo kimoja: itafika mahafali ikiwa bado inavalika?

Makosa mengi huanzia kwenye kitambaa, hata kabla ya wino. Mwulize fundi GSM, yaani gramu kwa kila mita ya mraba. Fulana ya 140 inapendeza kwenye picha, ila shingo inalegea mapema na ikiwa nyeupe inaonyesha cha ndani. Chukua 180 ya pamba tupu kwa fulana, na kuanzia 280 kwa sweta la kofia, kwa sababu upepo wa Dodoma usiku wa Juni na Julai hauna huruma. Pamba isiyofuliwa kiwandani inaweza kurudi kwa asilimia 5 hivi: fulana yenye urefu wa sentimita 72 inapoteza karibu 4 ikifuliwa mara ya kwanza. Anayejiona kwenye M ya kubana ajiandikishe L.

Kwa oda ya darasa zima, skrini, yaani wino unaosukumwa kupitia wavu wa fremu, ndiyo chaguo letu. Kila rangi ya nembo inatengenezewa fremu yake, na kazi ya kuandaa fremu ni ileile uprinti fulana 10 au 300. Hivyo nembo ya rangi moja au mbili kwa watu 60 inashuka bei kwa kila kichwa, wakati nembo ya rangi sita kwa watu 15 ni hasara tupu. Maandishi meupe juu ya kitambaa cheusi yapigwe mara mbili, katikati yakaushwe kidogo. Yakipigwa mara moja yanatoka kijivu.

Wino wa plastisoli, ule wa plastiki unaotumika kwenye skrini, unaiva kwa nyuzi joto karibu 160 za Selsiasi, na joto hilo lazima lifike mpaka chini kabisa ya wino. Hapa ndipo fundi mwenye haraka anapoharibu kazi: anapitisha joto juu juu, wino unakuwa mkavu ukiugusa lakini ndani ni mbichi. Fulana ikifuliwa mara chache printi inapasuka kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi. Kuikagua ni rahisi. Shika printi kwa mikono miwili, ivute polepole, kisha iachie. Wino ulioiva unanyumbuka na kurudi. Ulio mbichi unaacha nyufa palepale.

Jihadharini sana na polista nyekundu. Fulana inatoka kwa fundi ina maandishi meupe pee, siku mbili baadaye yamegeuka waridi. Wengi hudhani ni uchafu, wanasugua mpaka kitambaa kinachoka. Kilichotokea ni kwamba rangi ya polista, ikipata joto la kuivishia wino, inageuka mvuke na kupanda ndani ya ule weupe. Haitoki kwa kufua. Kinga yake ni pamba tupu, au wino maalumu unaozuia rangi kupanda na unaoiva kwa joto dogo zaidi.

DTF (kuprinti kwa filamu) inafaa kikundi kidogo, tuseme klabu ya watu 12 yenye nembo ya rangi nyingi. Picha inachapwa kwenye filamu, inanyunyiziwa unga wa gundi, kisha inabanwa kwa hitipresi (mashine ya kubana kwa joto) kwenye nyuzi 150 hadi 160 kwa sekunde 10 hadi 15. Baada ya kubandua filamu, fundi mzuri anabana tena sekunde chache. Akiruka hatua hiyo, pembe zinaanza kuinuka. Udhaifu wake mkubwa ni hewa. Boksi la rangi la sentimita 30 kifuani ni plastiki, na jua la saa nane mchana mvaaji analowa jasho chini yake. Mchoro wenye mapengo kati ya herufi unasaidia.

Sablimesheni ni ya jezi. Rangi inaingia ndani ya uzi wenyewe, kwa hiyo haibanduki wala haipasuki, lakini inashika kwenye polista ya rangi nyepesi tu. Fundi akikuahidi sablimesheni juu ya pamba nyeusi, ondoka. Vainili, yaani karatasi ya plastiki inayokatwa herufi na kubandikwa kwa joto, tungeiachia majina na namba za mgongoni. Kudarizi kunapendeza kwenye sweta na fulana za kola, kwa nembo ya sentimita 8 au 9 upande wa moyo, ila maandishi madogo ya ndani ya nembo yaondolewe: herufi iliyo chini ya milimita 5 inazibwa na uzi na haisomeki.

Ufuaji nao una sehemu yake. Maji mengi ya Dodoma yana chumvichumvi; sabuni ya mche inaacha utando badala ya povu, mtu anaongeza brashi na nguvu, na printi ndiyo inayoumia. Tumia sabuni ya unga na maji ya baridi, geuza fulana ndani nje, usifue kabla ya saa 24 tangu iprintiwe. Anika hivyohivyo ilivyogeuzwa, kivulini. Pasi isiguse printi kabisa.

Upande wa oda, CR (mwakilishi wa darasa) aanze wiki tatu kabla ya tukio, boom (pesa ya kujikimu ya mkopo) ikiwa imeingia, la sivyo atakusanya ahadi. Nembo ya chuo iombewe ruhusa kwanza. Usimpe fundi nembo iliyopitia WhatsApp mara tano, kwa sababu ikikuzwa inatoka ukungu. Kwa upana wa sentimita 28 picha inahitaji pikseli kama 3,300, au faili la vekta, mchoro unaokuzwa bila kutoka ukungu. Watu wajaribu saizi kwa kuvaa sampuli, maana L ya kiwanda kimoja ni M ya kingine. Kwa watu 60 agiza 63, maana moja itaharibika na kuna watakaolipa dakika za mwisho.

Lipa nusu mwanzoni, baada ya kuona sampuli moja iliyoprintiwa na kufuliwa. Nusu ya pili itoke mkononi baada ya kuhesabu kila saizi mbele ya fundi, na kuvuta printi za fulana tano zilizochomolewa katikati ya fungu, kwa sababu zile za juu daima ndizo nzuri.