Mafunzo ya kuzungumza mbele ya watu: uzoefu wangu na neno "mali"

Mimi ni mhasibu wa SACCOS ya wafanyakazi, na kila mwaka hunilazimu kusimama katika mkutano mkuu ili kuwasomea wanachama hesabu zilizokaguliwa. Kwa miaka mingi nilizisoma nikiwa nimeinamia karatasi, nao wakavumilia hadi nilipofika kwenye gawio. Ndiyo maana, kabla ya mvua za vuli kuanza, nilijiandikisha katika mafunzo ya Jumamosi sita hapa Dar es Salaam na kuyalipia kwa fedha yangu mwenyewe.

Jumamosi ya kwanza sina la kulalamikia. Mkufunzi alitusikilizisha hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978 kuhusu vita dhidi ya Idi Amin, akatuonyesha jinsi uwezo, sababu na nia vilivyopewa kila kimoja sentensi yake fupi, ili msikilizaji aipokee moja kabla ya kuletewa nyingine. Nilirudi nyumbani nikiamini kwamba sikupoteza fedha.

Yaliyonifanya niandike yalitokea Jumamosi ya nne, tulipotakiwa kila mmoja kuwasilisha jambo la kazini kwake kwa dakika saba. Nilichagua mizania, yaani jedwali la mali na madeni ya chama, kwa kuwa ndiyo inayonitesa, na nilikuwa nimejiandaa juma zima. Nimezaliwa Tarime, na Kikurya ndicho kilichonilea. Ninapokuwa na hofu, "mali" hunitoka kama "mari". Hata dakika ya pili haijaisha, mkufunzi akainua mkono: "Dada, hebu simama hapo hapo. Mari ndiyo nini? Rudia." Nikarudia. Akaniamuru tena, na tena, huku akiwageukia wenzangu kana kwamba anawaomba wacheke, nao wakacheka. Aliponiruhusu kuendelea sikukumbuka mali zenyewe zilikuwa kiasi gani wala madeni yalikaa upande upi, nikaketi bila kumaliza. Mzee mmoja aliyepaswa kunifuata alikataa kabisa kusimama.

Sipingi kusahihishwa. Baadaye nilialikwa katika klabu ya Toastmasters, mojawapo ya vilabu vya kujizoeza kuhutubia vilivyoanzia California mwaka 1924, nikakuta yupo hata mtu wa kuhesabu kila "aa" na "mmh" ya msemaji. Lakini huhesabu kimya na kutoa taarifa mwishoni, na mtathmini naye hafungui kinywa hadi msemaji amalize. Mtu anayezungumza kwa hofu huwa ameyashikilia mawazo yake kwa nguvu zote, na ukimlazimisha ageuke kuutazama ulimi wake, yote humponyoka. Sioni ni kwa vipi mtu anayetoza ada kwa kufundisha fani hii ahitaji kuambiwa hilo na mhasibu.

Lakini haki itendeke. Katika mkutano mkuu uliofuata niliiweka karatasi kando, nikaandika ubaoni tarakimu tatu tu, yaani tunachomiliki, tunachodaiwa na kinachobaki kuwa chetu, na baada ya kila moja nikanyamaza kama tulivyofundishwa siku ile ya kwanza. Kwa mara ya kwanza mwanachama aliuliza kwa nini sehemu ya ziada, yaani mapato yanayobaki baada ya matumizi, hutengwa kuwa akiba ya lazima kabla ya gawio kugawanywa, nami nikamjibu nikimtazama usoni. Nadhani nilisema "mari" mara mbili au tatu. Hakuna aliyecheka.

Kwa hiyo nilipoanza kuandika haya nilikusudia kusema kwamba mafunzo ni mazuri na mwenye moyo mgumu ayahudhurie. Sasa siwezi. Kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyomkumbuka yule mzee, aliyelipa ada ileile niliyolipa mimi, na ambaye wakati wa chai alikuwa amenieleza kwamba hakuja kwa ajili ya kazi wala cheo, bali alitaka kujifunza kumpa binti yake nasaha mbele ya wageni siku ya harusi bila sauti kumkauka. Usilipe, hadi mkufunzi huyo ajifunze kumwacha mtu amalize. Jumamosi ya tano kiti cha mzee kilikuwa kitupu, na ya sita vilevile.