Gesi au mkaa kwa anayehamia Mjini Unguja?

Kwa gharama ya kuanzia, mkaa unashinda: ukiwa na seredani, yaani jiko la mkaa, na kopo moja la mkaa, unapika leo leo. Gesi inataka mtungi, mpira na jiko kwa mkupuo, ila baadaye bajeti yake inapangika vizuri. Masika mkaa huroa na kuwaka kwa tabu. Mtungi nao huisha mchuzi ukiwa motoni, basi weka wa akiba.

Gesi inataka uangalizi. Paka maji ya sabuni kwenye maungio ya mpira. Ukiona mapovu yanachemka, gesi inavuja; funga mtungi.

Anayepanga fleti Michenzani namshauri gesi, kwani mkaa ndani ya chumba hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Mwenye uwa, anayepalia wali wake makaa, abaki na seredani.