Cisco IOS kwa laini inayopigwa panapo haja: udhibiti mzuri, mitego mingi

Kwa laini inayopaswa kuamka trafiki ikija na kukatika ikikaa kimya, iwe ISDN (simu ya kidijitali ya waya), modemu ya simu ya waya au modemu ya laini ya mkononi inayowekwa kama akiba, Cisco IOS, mfumo endeshi wa ruta za Cisco, inakupa udhibiti wa kina. Ila haikushiki mkono hata kidogo.

Uzito wote uko kwenye dialer-list, inayoamua pakiti ipi inastahili kuamsha laini. Inafungwa kwenye kiolesura kwa dialer-group yenye namba ileile. Ukiisahau dialer-group, ruta haipigi kabisa, hata kama ip route 0.0.0.0 0.0.0.0 Dialer1 (njia ya msingi inayoelekeza trafiki kwenye laini) iko sawa.

Wengi hukomea kwenye dialer-list 1 protocol ip permit, yaani kila pakiti ya IP inastahili. Laini itapiga, sawa, lakini kukata ndiyo kazi. OSPF, itifaki ya ruta kupashana habari za njia, ikiwa imewashwa kwenye kiolesura hicho, kwa kawaida hutuma salamu kila sekunde 10, na muda wa ukimya kabla ya laini kukatwa, usipobadilishwa, ni sekunde 120. Haufiki kamwe, bili inapanda. Afadhali hivi, OSPF na NTP (itifaki ya kulinganisha saa) zisihesabiwe:

access-list 101 deny ospf any any
access-list 101 deny udp any any eq ntp
access-list 101 permit ip any any
dialer-list 1 protocol ip list 101

Hiyo deny haizuii pakiti, na hapo ndipo watu wanapokwama. Laini ikiwa tayari juu, NTP inapita kama kawaida. Haiwezi tu kuiamsha wala kuirefushia muda. Tena, dialer idle-timeout, amri ya huo muda wa ukimya, huhesabu pakiti zinazotoka peke yake. Ukitaka na zinazoingia zihesabiwe, malizia amri kwa either.

Kinachoipandisha hadhi IOS ni amri ya show dialer. Kwenye mstari wa Dial reason inakutajia anwani ya chanzo na ya kifikio ya pakiti iliyopiga laini, kwa hiyo kompyuta inayoamsha laini usiku wa manane unaikamata papo hapo. Ruta nyingi za bei ndogo zina kisanduku cha kuwasha na kuzima tu.

Kasoro: pakiti za kwanza hutupwa wakati laini inapigwa, mpaka uweke dialer hold-queue, foleni ya kuzisubirisha. Na dialer wait-for-carrier-time, muda wa kusubiri simu iunganike, ambao kwa kawaida ni sekunde 30, ni mfupi kwa modemu nyingi za waya. Upandishe hadi 60, la sivyo ruta itakata simu modemu zikiwa bado zinapatana.